Katiba, Siasa na Utawala wa India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watahiniwa wa Utumishi wa Umma

Mtihani umepangwaje, na Katiba inaingia sehemu gani?

Mtihani huendeshwa kila mwaka na Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano, ambayo watu wote huiita UPSC, nayo Tume yenyewe imewekwa na Katiba katika Ibara ya 315. Hatua zake ni tatu. Mtihani wa awali una karatasi mbili za kuchagua jibu, kila moja ikiwa na alama 200. Karatasi ya kwanza, yenye maswali 100, ndiyo inayoamua nani aendelee. Ya pili, yenye maswali 80, humtaka mtahiniwa afikishe asilimia 33 tu. Anayekosea swali hupoteza theluthi moja ya alama za swali hilo, kwa hiyo kubahatisha ovyo kuna gharama. Wanaovuka huandika mtihani mkuu, ambao karatasi zake saba zinazohesabiwa zina jumla ya alama 1,750, kisha huitwa kwenye usaili wenye alama 275. Katiba hujitokeza katika hatua zote, ila makao yake makuu ni karatasi ya pili ya maarifa ya jumla katika mtihani mkuu, yenye alama 250, inayokusanya pamoja Katiba, utawala, haki ya kijamii na uhusiano wa kimataifa.

Je, ni lazima kukariri ibara zote?

Hapana, na anayejaribu kufanya hivyo kwa kawaida huchoka kabla hajafika Sehemu ya Tano. Katiba ilianza ikiwa na ibara 395, sehemu 22 na majedwali 8. Leo majedwali ni 12, na ibara zimeongezeka kwa kubandikiwa herufi pembeni, kama 21A, 51A, 243A au 300A, ili hesabu ya zamani isivurugike. Ziko ibara zipatazo hamsini hivi ambazo mtahiniwa hana budi kuzijua kwa namba, mathalani 14, 19, 21, 32, 110, 123, 226, 280, 324, 352, 356 na 368. Zilizobaki zinatosha kujulikana kwa mahali zilipo na kazi zinazofanya.

Kinachofaa zaidi ni kuuliza, kwa kila ibara, ni nani anayezuiwa na ni nani anayemzuia. Karibu kila marekebisho makubwa yalizaliwa na ugomvi kati ya Bunge na Mahakama, au kati ya Serikali ya Muungano na majimbo (msomaji wa Tanzania au Kenya aangalie: jimbo hapa si jimbo la uchaguzi, bali ni sehemu yenye bunge lake na serikali yake), na anayeujua ugomvi huo hukumbuka namba bila kujilazimisha. Majibu yote yanayofuata yameandikwa kwa mtazamo huo.

Katiba iliandikwa lini na nani, na kwa nini husemwa kwamba ilikopwa?

Bunge la Katiba lilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1946, likamchagua Rajendra Prasad kuwa rais wake siku mbili baadaye. Kamati ya kuandaa rasimu iliundwa tarehe 29 Agosti 1947 chini ya uenyekiti wa B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyetoka katika jamii iliyokuwa ikitengwa kwa misingi ya tabaka. Katiba ilipitishwa tarehe 26 Novemba 1949 na kuanza kutumika kikamilifu tarehe 26 Januari 1950. Tarehe hiyo ya Januari haikuokotwa njiani: mwaka 1930 chama cha Congress kilikuwa kimeiadhimisha kuwa siku ya kudai uhuru kamili.

Kuhusu kukopa, ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mfumo wa utawala ilitoka katika Sheria ya Serikali ya India ya mwaka 1935, iliyotungwa na wakoloni wenyewe. Mfumo wa kibunge ulitoka Uingereza, haki za msingi Marekani, kanuni elekezi Ireland, orodha ya mamlaka ya pamoja Australia, shirikisho lenye kituo chenye nguvu Kanada, na utaratibu wa kurekebisha Katiba Afrika Kusini. Mtahini hapendi jibu linaloishia kwenye orodha hiyo. Ambedkar mwenyewe hakuona aibu kukopa, na hoja nzito ni namna kilichokopwa kilivyobadilishwa. Watunzi, kwa mfano, walikwepa kwa makusudi maneno ya Marekani kuhusu kufuata utaratibu wa haki wa sheria, wakaandika katika Ibara ya 21 kwamba mtu hatanyang'anywa uhai wala uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Mwaka 1978, katika kesi ya Maneka Gandhi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba utaratibu huo lazima uwe wa haki na wenye busara, na hivyo lile lililokataliwa mlangoni likaingia kwa dirishani.

Haki za msingi zinatofautianaje na kanuni elekezi?

Haki za msingi ziko katika Ibara za 12 hadi 35 na mtu anaweza kuzidai mahakamani. Kanuni elekezi ziko katika Ibara za 36 hadi 51 na hazidaiwi mahakamani, ingawa Katiba inasema ni za msingi katika kuiongoza nchi. Mwananchi anayenyimwa haki ya msingi anaweza kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kwa Ibara ya 32, ambayo Ambedkar aliita roho na moyo wa Katiba, au Mahakama Kuu ya jimbo kwa Ibara ya 226. Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama: mamlaka ya Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 226 ni mapana zaidi, kwa sababu yanahusu pia haki za kisheria zisizo za msingi.

Haki ya kumiliki mali iliondolewa katika haki za msingi na Marekebisho ya 44 ya mwaka 1978, ikabaki kuwa haki ya kikatiba tu katika Ibara ya 300A. Wajibu wa msingi wa raia uliongezwa mwaka 1976 ukiwa na vipengele kumi. Cha kumi na moja, kinachowahusu wazazi na elimu ya watoto wao, kilikuja mwaka 2002.

Fundisho la muundo wa msingi ni nini, na kwa nini linaulizwa mara nyingi hivyo?

Ni fundisho linalosema kwamba Bunge linaweza kurekebisha sehemu yoyote ya Katiba, lakini haliwezi kuharibu nguzo zinazoifanya Katiba iwe yenyewe. Maneno hayo hayamo katika Katiba. Ni majaji walioyatamka. Ili kuyaelewa, yafuate kwa mpangilio wa miaka.

Baada ya uhuru, majimbo yalitunga sheria za kugawa upya ardhi ya mabwana wakubwa, nao wakakimbilia mahakamani kutetea mali zao. Bunge likajibu mwaka 1951 kwa Marekebisho ya Kwanza, yaliyounda Jedwali la Tisa, aina ya ghala ambamo sheria ikiwekwa haiguswi na mahakama. Mwaka huohuo, katika kesi ya Shankari Prasad, Mahakama ilikubali kwamba Bunge lina uwezo wa kurekebisha hata haki za msingi. Mwaka 1967, katika kesi ya Golaknath, ikageuka: kwa kura 6 dhidi ya 5 ilisema Bunge haliwezi kuzipunguza haki hizo. Serikali ya Indira Gandhi ikarudisha kombora kwa Marekebisho ya 24 ya mwaka 1971, yaliyosema waziwazi kwamba linaweza.

Ndipo alipotokea Kesavananda Bharati, kiongozi wa taasisi ya kidini huko Kasaragod, jimbo la Kerala, akipinga sheria za ardhi za jimbo lake. Kesi ilisikilizwa na majaji 13, idadi ambayo haijapata kuzidiwa katika Mahakama hiyo, kwa muda wa siku 68. Hukumu ya tarehe 24 Aprili 1973, kwa kura 7 dhidi ya 6, iliupa kila upande kitu: Golaknath ilifutwa, Bunge likaruhusiwa kurekebisha haki za msingi, lakini likawekewa mpaka usioonekana kwa macho. Serikali haikufurahi, mara baada ya hukumu ilimteua A. N. Ray kuwa Jaji Mkuu kwa kuwaruka majaji watatu waliomtangulia kwa cheo, wote wakiwa wamehukumu dhidi yake.

Mwaka 1976 Marekebisho ya 42 yalijaribu kuufuta mpaka huo kwa kuandika kwamba hakuna marekebisho yatakayohojiwa katika mahakama yoyote. Katika kesi ya Minerva Mills ya mwaka 1980 vifungu hivyo vikatupwa, kwa hoja nzuri sana: mamlaka yenye mipaka hayawezi kujitanua yenyewe hadi yawe hayana mipaka. Mwaka 2007, katika kesi ya Coelho, hata ghala la Jedwali la Tisa lilifunguliwa, kwani sheria zilizoingizwa humo baada ya 24 Aprili 1973 sasa zinaweza kupimwa. Na mwaka 2015 Marekebisho ya 99, yaliyotaka kuunda tume mpya ya kuteua majaji, yalibatilishwa kwa kuugusa uhuru wa mahakama. Hukumu hii ya mwisho ina wakosoaji wenye hoja za kweli, maana majaji walikuwa wakiamua juu ya uteuzi wao wenyewe, na mtahiniwa mzuri hutaja pande zote mbili.

Je, fundisho hilo limefika Afrika Mashariki?

Limefika, na kwa kishindo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ililitumia tarehe 13 Mei 2021 kuusimamisha mpango wa BBI (Building Bridges Initiative) wa kurekebisha Katiba ya mwaka 2010, na Mahakama ya Rufani ikaliunga mkono Agosti mwaka huo. Mahakama ya Juu ya Kenya, tarehe 31 Machi 2022, ililikataa fundisho lenyewe kwa kuwa Katiba ya Kenya ina njia zake za kujilinda, ikiwamo kura ya maoni, lakini ikauzuia mpango huo kwa sababu nyingine, kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia mlango uliotengwa kwa ajili ya wananchi. Ulinganisho huu unafaa sana katika jibu la mtihani mkuu, kwa kuwa India haina kura ya maoni ya kurekebisha Katiba, na huenda hapo ndipo haja ya fundisho ilipotoka.

Kuna aina ngapi za hali ya hatari?

Tatu. Ibara ya 352 inahusu taifa zima na imetumika mara tatu: 1962 kwa vita na China, 1971 kwa vita na Pakistan, na 1975 kwa sababu zilizodaiwa kuwa machafuko ya ndani. Ibara ya 356 inahusu jimbo ambalo utawala wake wa kikatiba umekwama. Ibara ya 360 inahusu fedha, na haijatumika hata mara moja.

Ile ya 1975 ndiyo inayohitaji kusomwa kwa utulivu. Tarehe 12 Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ushindi wa ubunge wa Indira Gandhi. Tarehe 25 Juni hali ya hatari ikatangazwa, ikadumu hadi Machi 1977. Wapinzani walitiwa kizuizini, magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu, kwa kura 4 dhidi ya 1, ikakubali kwamba aliyezuiliwa hana pa kulilia hata kama uhai wake uko hatarini. Jaji mmoja aliyepinga, H. R. Khanna, aliukosa ujaji mkuu kwa sababu ya msimamo wake. Hukumu ile ilitangazwa rasmi kuwa batili mwaka 2017 katika kesi ya Puttaswamy, iliyothibitisha haki ya faragha.

Marekebisho ya 44 yaliziba mianya mmoja mmoja. Maneno "machafuko ya ndani" yakawa "uasi wa kutumia silaha", ushauri wa Baraza la Mawaziri lazima uwe wa maandishi, idhini ya Bunge ipatikane ndani ya mwezi mmoja, na Ibara za 20 na 21 zisisimamishwe kamwe. Ukijifunza kilichotokea 1975, kila kipengele cha marekebisho hayo kinajieleza chenyewe.

Kwa Ibara ya 356, kesi ya kukumbuka ni ya S. R. Bommai ya mwaka 1994, iliyosema kwamba wingi wa wabunge wa serikali ya jimbo hupimwa ndani ya ukumbi wa bunge, si sebuleni kwa Gavana, ambaye huteuliwa na Rais.

Rais ana madaraka ya kweli, au ni wa heshima tu?

Huchaguliwa na wabunge wa kuchaguliwa wa Muungano na wa majimbo, pamoja na wa Delhi na Puducherry, na tangu Marekebisho ya 42 anafungwa na ushauri wa mawaziri. Marekebisho ya 44 yalimpa ruhusa ya kuurudisha ushauri huo mara moja ufikiriwe upya. Hata hivyo Katiba haikumwekea muda wa kusaini muswada wa kawaida, na Rais Zail Singh aliutumia ukimya huo kuukalia muswada wa posta wa mwaka 1986. Muswada wa kurekebisha Katiba hana hiari nao; lazima ausaini.

Lok Sabha na Rajya Sabha zinatofautianaje, na zikikosana nani hushinda?

Lok Sabha, baraza la chini la Bunge, ina wabunge 543 wanaochaguliwa na wananchi. Rajya Sabha, baraza la majimbo, haivunjwi. Theluthi moja ya wajumbe wake hustaafu kila baada ya miaka miwili, na wajumbe 12 wa baraza zima huteuliwa na Rais. Zikikosana juu ya muswada wa kawaida, Rais anaweza kuitisha kikao cha pamoja, jambo lililowahi kuzaa sheria mwaka 1961, 1978 na 2002 tu. Muswada wa fedha haufiki huko: Rajya Sabha hupewa siku 14 za kushauri, basi. Spika ndiye anayethibitisha kwamba muswada ni wa fedha, na hapo ndipo panapozuka malalamiko, kama ilivyokuwa kwa sheria ya utambulisho ya Aadhaar ya mwaka 2016, iliyopitishwa kwa njia hiyo. Marekebisho ya Katiba nayo hayana kikao cha pamoja. Kila baraza lazima liyapitishe peke yake.

India ni shirikisho?

Ibara ya 1 inasema India, yaani Bharat, ni Muungano wa Majimbo, na neno shirikisho halikutumika. Majimbo ni 28 na maeneo yanayosimamiwa na Muungano ni 8. Jedwali la Saba hugawa mamlaka katika orodha tatu, na yasiyotajwa popote ni ya Muungano. Bunge linaweza kuunda jimbo jipya kwa Ibara ya 3 bila idhini ya jimbo linalomegwa, ikitosha tu kuuliza maoni yake. Mwaka 2019 Jammu na Kashmir ilishushwa kutoka jimbo na kuwa maeneo mawili ya Muungano. Kwa upande mwingine, kodi ya bidhaa na huduma iliyoanza tarehe 1 Julai 2017 inaamuliwa katika baraza ambamo mawaziri wa majimbo wana kura zao.

Sheria dhidi ya kuhama chama inafanyaje kazi?

Mwaka 1967 mbunge mmoja wa Haryana alihama chama mara kadhaa katika muda mfupi, na jina lake likageuka kuwa mzaha wa nchi nzima. Jedwali la Kumi, lililoongezwa mwaka 1985, humvua ubunge anayekiacha chama chake kwa hiari au anayepiga kura kinyume na agizo la chama. Mwaka 2003 msamaha kwa theluthi moja wanaojitenga uliondolewa, ukabaki wa theluthi mbili wanaoungana na chama kingine. Kwa maoni yangu dawa hii imewadhibiti wanyonge zaidi kuliko wakubwa: mbunge mmoja hawezi kuipinga bajeti kwa dhamiri, ilhali kundi kubwa huhama pamoja bila kuguswa, na anayeamua ni Spika, ambaye naye ana chama.

Panchayati zina umuhimu gani katika mtihani?

Mkubwa, kwa kuwa ndipo Katiba inapomfikia mwanakijiji. Marekebisho ya 73, yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993, yalizipa panchayati, yaani serikali za vijiji, ngazi tatu, uchaguzi kila baada ya miaka mitano, na theluthi moja ya viti kwa wanawake, kiwango ambacho Bihar ilikipandisha hadi nusu mwaka 2006. Gram sabha, mkutano wa wapiga kura wote wa kijiji, haiko mbali na mkutano mkuu wa kijiji anaoujua Mtanzania. Udhaifu wake ni kwamba mambo 29 ya Jedwali la Kumi na Moja hukabidhiwa kwa hiari ya jimbo, na majimbo mengi yamekuwa na mkono mzito kutoa fedha na watumishi.

Nitatofautishaje chombo cha kikatiba na kisicho cha kikatiba?

Tafuta kilikozaliwa. Tume ya Uchaguzi (Ibara ya 324), Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (148) na Tume ya Fedha (280) vimo katika Katiba. Tume ya Haki za Binadamu ya mwaka 1993 na Lokpal, chombo cha kuchunguza ufisadi wa viongozi, vilizaliwa na sheria za Bunge. NITI Aayog, iliyochukua nafasi ya Tume ya Mipango tarehe 1 Januari 2015, haina hata sheria. Ilianzishwa kwa azimio la Baraza la Mawaziri. Swali la mtego ni Tume ya Taifa ya Makundi ya Nyuma Kimaendeleo, iliyokuwa ya kisheria hadi Marekebisho ya 102 ya mwaka 2018 yalipoipandisha.

Mtu mwenye asili ya India aliyezaliwa Afrika Mashariki anaweza kufanya mtihani huu?

Kwa Huduma ya Utawala na Huduma ya Polisi, lazima awe raia wa India, na India hairuhusu uraia wa nchi mbili. Kadi ya OCI, wanayopewa wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, pamoja na manufaa yake ya viza, si uraia. Lakini kwa baadhi ya huduma nyingine, kanuni za mtihani zinawataja kwa jina watu wenye asili ya India waliohama kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia, Malawi, Zaire, Ethiopia na nchi nyingine chache kwa nia ya kukaa India moja kwa moja. Jina Zaire limebaki humo kama lilivyoandikwa zamani. Mtu wa namna hiyo anaweza kuruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani, ila barua ya ajira hatapewa mpaka Serikali ya India imtolee hati ya kustahiki.